Ng'ombe Kumi na Wawili Walionyang'anywa Zizi

Machinjioni,
Jumatano, 10 Agosti 1966

Kwa Mheshimiwa Bwana Administrador,

Pokea salamu zangu na heshima zote unazostahili. Mimi ni Sadallah Mshamu, mchinjaji wa machinjio ya serikali ya Kireno hapa posto, kituoni kwako, huu mwaka wa kumi na tisa. Sijawahi kukuandikia kwa sababu ng'ombe hawajawahi kuwa na malalamiko. Sasa wanayo, na kwa kuwa kuandika hawajui, naomba uniruhusu niwasemee.

Juzi Jumatatu askari wako walileta watu arobaini na mmoja kutoka kijiji cha Mute, wakisema wamewapa chakula wapiganaji wa msituni. Jela ilikuwa imejaa. Basi waliwatoa ng'ombe kumi na wawili zizini, wakawaingiza watu hao, wakafunga mlango kwa mnyororo. Ng'ombe sasa wanazurura nyuma ya duka, na mmoja wao amekula shuka ya mke wa mwenye duka. Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Kanuni za machinjio, zenye muhuri wa serikali yako, zimegongelewa mlangoni pangu. Zinasema zizi lile lisiwekwe wanyama zaidi ya kumi na tano. Humo sasa wanalala kwa zamu. Ningewajaza ng'ombe namna hiyo, mkaguzi wa nyama angenifukuza kazi, na angekuwa na haki.

2. Kila mnyama apate maji safi asubuhi na jioni. Jana niliona wazee wakipangusa maji ya mwisho ndani ya birika la kunyweshea kwa viganja. Nilipokwenda kuongeza maji, kabo Cândido, mkubwa wa walinzi, alinizuia akisema maji yale ni ya mifugo. Nikamwonyesha kanuni. Akaniambia nitafute mahali zilipotaja watu. Nilitafuta, sikupaona. Hapo kabo alisema kweli, na ndipo nilipoanza kuelewa shida iko wapi.

3. Mnyama asipigwe fimbo, asiburutwe, wala asisokotwe mkia. Mpaka leo hakuna aliyesokotwa mkia, na kwa hilo nashukuru.

4. Hili halimo katika kanuni zako, limo katika dini yangu, lakini hata mkaguzi hulisifu. Kisu hakinolewi mbele ya mnyama. Mimi changu nakinoa nyumbani, nakuja nacho nimekificha ndani ya kanzu, ili ng'ombe asiogope kabla ya wakati wake. Askari wako husafisha bunduki mbele ya zizi kila asubuhi, huku wakiwatazama waliomo usoni. Bwana, hiyo ni kazi chafu. Nasema kama fundi, na hasira ninayo, siifichi.

5. Jike mwenye mimba asichinjwe wala asifungiwe zizini hata siku moja; arudishwe kwa mwenyewe. Bwana, humo yumo mmoja, mimba yake ya miezi minane. Anaitwa Mwanaharusi. Mumewe alichukuliwa mwezi wa tano na hatujaambiwa alikopelekwa, kwa hiyo mwenyewe ni mimi, baba yake. Jana alisogea penye miti ya zizi akaniambia, "Baba, wenzangu wameniachia kivuli chote, naona haya."

Ombi langu basi ni dogo. Siombi watu hawa wahesabiwe watu. Najua jambo hilo lina makaratasi mengi na labda mpaka Lisboa waulizwe. Naomba waandikwe ng'ombe. Wakishaandikwa ng'ombe watapata maji, kivuli na nafasi ya kulala, na mkaguzi atawatazama kila Ijumaa. Kuna atakayesema kwamba mwisho wa ng'ombe ni kisu. Ni kweli, lakini hata ng'ombe hachinjwi mpaka akaguliwe, aandikwe kitabuni, na kabo atie sahihi. Watu wa Mute hawajaandikwa popote.

Naomba jibu kabla ya Ijumaa, maana ndiyo siku ya kuchinja na sipendi makosa katika kazi.

Nisalimie Bibi, watoto, karani, na mbwa wako ambaye nasikia amepona. Mke wangu Mwanawetu naye anakusalimu. Tangu Jumatatu hajala kitu, lakini amesema nisisahau kukusalimu.

Mtumishi wako mtiifu,
Sadallah Mshamu,
mchinjaji

Nyongeza: Bwana, yote niliyoomba hapo juu yafute. Nilikuwa sijaituma barua hii ilipofika Ijumaa. Mkaguzi alishindwa kuja kwa sababu ya mabomu barabarani, na asipokuja, kitabu chake huandika mimi. Nikaandika: wanyama arobaini na mmoja, wamekonda, hawafai kuchinjwa, watolewe na kusindikizwa na mchinjaji mpaka malishoni. Kabo Cândido alitia sahihi bila kusoma, kama afanyavyo kila Ijumaa, maana bila sahihi hapewi ini. Ini alilipata, la yule ng'ombe aliyekula shuka, akaenda kulikaanga. Walinzi walipoiona sahihi ya mkubwa wao walifungua mnyororo. Tulitoka saa nne asubuhi, mbele ya macho yao, na ng'ombe kumi na mmoja waliobaki wakatufuata wenyewe, kwa kuwa wamenizoea. Usimwadhibu kabo, alifuata desturi.

Tuko ng'ambo ya Ruvuma, kama utakavyoona kwenye stempu. Mwanawetu anakula. Mwanaharusi alijifungua Jumanne, mtoto wa kike, wote wazima. Karani wa hapa alifungua daftari lake la wakimbizi akaniuliza huyu mdogo amwandike vipi. Nikamwambia aandike mtu, akaandika, wala hakumuuliza mkubwa wake.