Ndimu za Mwanapili na Anemoni Wangu

Jumapili, 10 Agosti

Bi Riyama, mtafiti kutoka mjini, kafika hapa Bwejuu! Keshokutwa atachagua dimbwi moja la mwambani, na mtunzaji wake ataandikwa jina kwenye kibao. Lazima niwe mimi. Dimbwi langu lina anemoni, yule mnyama wa minyiri laini, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wanaojificha humo. La jirani yangu Jaku lina anemoni mkubwa kama sinia na samaki watano. Dhuluma!

Bi Riyama alieleza kwamba bahari inanyonya gesi ya moshi wetu na kuzidi kuwa na asidi. Matumbawe yanadhoofika. Anemoni huenda akanawiri, maana mwani mdogo uliomo mwilini mwake hula ile gesi. Akaongeza kwamba bado wanachunguza. Hapo sikusikiliza sana.

Jumatatu, 11 Agosti

Asidi ni asidi. Mke wangu Mwanapili kaenda kwa dadake, kaacha kikapu cha ndimu za achari. Nimekamua zote. Vidole vinawasha, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jumanne, 12 Agosti

Maji yalipokupwa nikamimina ndoo nzima ya ndimu dimbwini. Anemoni akajikunja kama ngumi. Samaki wakabaki nje, wanazunguka, hawana pa kuingia. Niliona uchungu kweli. Wale wawili nawapenda.

Bi Riyama akazamisha kipimo, akakitazama, akakifuta, akazamisha tena. Kisha akaokota kokwa ya ndimu. Akaniuliza, kwa adabu zote, kama mndimu huota baharini siku hizi. Nikasema huenda imeletwa na maji. Jaku alicheka mpaka akakaa chini. Mara Mwanapili huyo, anauliza ndimu zake ziko wapi!

Kibao kapewa Jaku.

Ijumaa, 15 Agosti

Alhamdulillahi! Anemoni kafunguka, samaki wamerudi kwao. Na dimbwi langu limepata kazi: litakuwa la kulinganishia na la Jaku, mradi nisitie chochote humo. Limewekewa kibao: USIGUSE. Chini yake wameandika jina langu, Usi! Jaku anasema hilo ni onyo. Wivu tu. Mwanapili kacheka, kanisamehe. Nimeapa mbele ya watu wote kwamba sitatia kitu.

Baada ya sala nilipita kuwatazama samaki wangu. Wamekonda, maskini. Nimewamiminia urojo kidogo, ule mchuzi wetu mchachu. Sikutia pilipili.