Akikohoa, Ni Moto

Jumatatu, 3 Juni
Kiharusi kimeniachia uhai, akili na nusu ya kulia. Nusu ya kushoto bado ina ganzi. Nikijilaza, mkono unanikalia kifuani kama mgeni asiyejua kuaga. Shangazi, kwenye simu, alisikia “harusi” akauliza bwana anafanya kazi gani. Nimecheka upande mmoja.

Mkuu wa shule ameng'ang'ania: sirudi maabara mpaka mkono utofautishe moto na baridi. Kemia bila moto, wapi na wapi! Darasa langu analo mwalimu wa muda. Nasikia wanafunzi wanampenda. Haivumiliki.

Jumatano, 5 Juni
Kipimo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hunifumbisha macho, akanigusisha vichupa vya maji, cha moto au cha baridi. Nimegundua siri yake: kizibo cha chupa ya chai hulia kwii! anapomimina maji ya moto. Mkono umekufa ganzi, masikio je? Kikalia. Nikasema moto, nikaongeza “ush!” ya maumivu. Usanii mtupu.

Akaniambia nifumbue macho. Kichupa cha baridi. Chupa ya chai aliifungua ili anywe chai! Alicheka mpaka akatafuta kiti. Akauliza, mwalimu, na wanafunzi wako huibia mitihani hivihivi? Nimenuna njia nzima.

Ijumaa, 7 Juni
Mpango mpya, wa kisayansi. Mdogo wangu atanisindikiza. Akikohoa, ni moto, akinyamaza, baridi. Alikataa: eti dada, umesoma kote huko halafu unafanya mambo ya chekechea. Nikamwahidi viatu vyangu vyekundu. Elimu yangu ikaacha kumsumbua.

Jumapili, 9 Juni
Nimehisi! Mdogo wangu alikuwa anaosha vyombo, mimi namsimamia, akachoka na maelekezo yangu akanirushia maji. Mkono wa kushoto ukaruka! Baridi! Baridi yenyewe, tamu! Nikamwambia arudie. Akarudia kwa moyo mmoja. Jikoni pakawa bwawa. Mama akaja kufoka, akanikuta nalia huku nacheka pande zote mbili. Akachota kikombe, naye akanimwagia.

Jumanne, 11 Juni
Kipimo tena. Sikuhitaji msaada wa mtu. Lakini mpango uliokwisha kupangwa hauvunjwi hovyo. Kichupa kikagusa: baridi, waziwazi. Mdogo wangu akakohoa. Nikawaza. Mkono huu ni mwanagenzi. Mdogo wangu ana macho. Nikasema moto.

Kumbe ana mafua! Alikohoa mwanzo hadi mwisho, nami nikasema moto mwanzo hadi mwisho. Mtaalamu akasema mdomo wangu umefeli vibaya, ila mkono umefaulu: kila kichupa cha baridi kilipogusa, ulijivuta wenyewe. Amesaini. Narudi maabara! Nimemkumbatia kwa mikono miwili, nikavihisi vifungo vya koti lake kimoja kimoja.

Jumatano, 12 Juni
Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa moja tu: kikohozi. Kinaingiliana na magonjwa. Kesho ni zamu ya mguu. Nitafumba macho, mtaalamu akunje kidole gumba, niseme ni juu au chini. Mdogo wangu atapiga mluzi: mmoja juu, miwili chini. Amedai na mkoba.

Jioni tumejaribu sebuleni, mdogo wangu akikunja kidole, mimi nimefumba macho. Nimepatia yote: juu, chini, chini, juu. Ndipo akakiri kwamba hajui kupiga mluzi, hakupiga hata mmoja.

Nimemfokea sana. Uzembe wa namna hii utaniangusha kesho.