Destin Amegonga Poto

Siku ya posho (jumamosi), tarehe 7 juni

Tumeshindwa. Kwa pointi mbili! Afazali tungeshindwa kwa mia moja, mutu angelala bila kufikiri.

Tulijaa dukani kwa Mumbere tangu saa kumi na mbili ya asubuhi, maana kule Australia ilikuwa tayari muchana. Mumbere ni mutu wa Butembo, anauza mabati na misumari hapa Saio, kartie yetu katika muji wa Bunia. Ana televizyo kubwa na groupe ya umeme. Mimi sina televizyo. Mimi nina Destin. Ni mutoto wa marehemu kaka yangu Gustave. Alikimbia vita vya Djugu pamoja na mama yake, wakaenda Uganda, wakakaa kambini, na leo anacheza Melbourne katika timu ambayo jina lake la Kizungu linashinda ulimi. Siye tunawaita Watoli. Kwa sababu ya damu hiyo, mimi Anaclet ni prezida wa komite ya mashabiki wa Watoli katika Bunia. Mumbere ni makamu. Inamuuma.

Mupira wao si huu wetu. Uko kama papai. Wanaushika kwa mikono, wanaupiga kwa muguu, wanapandana mabegani. Poto, ile miti ya goli, ziko nne. Ukipitisha katikati, pointi sita. Ukikosa kidogo, wanakupa pointi moja ya pole. Ya pole! Mimi katika maisha nimekosa mambo mengi, na mara nyingi kwa kidogo tu. Nani amenipa pointi?

Basi dakika ya mwisho. Tuko nyuma kwa pointi tatu. Destin anadaka mupira mbele kabisa ya goli. Duka zima linasimama. Nimepanda juu ya mufuko wa simenti. Anapiga. Mupira unaenda, unaenda, unagonga poto. Pointi ya pole. King'ora. Mechi imekwisha.

Kisha Mumbere, kwa sauti ya mutu anayetangaza kilio: "Prezida, mutoto yako ametuua."

Mutoto YANGU. Mwezi uliopita alipofunga matatu alikuwa mutoto wetu wote.

Tukaanza kupima timu. Mwalimu Néhémie, sekretere wetu, alisema miguu ya vijana iliisha katika robo ya ine. Mama Denise wa chai alisema Destin amekonda, kule hawamupikii. Mumbere akasema miguu haina shida, chakula hakina shida, shida ni uongozi. Uongozi wa Bunia! Eti uchaguzi mupya, posho ijayo, baada ya mechi. Watu wakapiga makofi. Wengine wameketi kwangu, wamekula sombe yangu.

Siku ya yenga, tarehe 8 juni

Kanisani hakuna aliyenipa mukono wa kweli. Vidole tu. Mumbere alikaa benchi la mbele, akaimba kama mutu aliyekwisha kuchaguliwa.

Lakini nina mupango. Siku hizi watu wanaheshimu rapport technique, ripoti ya kitaalamu. Usiku kucha niliirudia ile mechi katika simu, na nimemupata mwenye makosa. Si Destin! Ni yule wa jezi ya manjano. Anakimbia kiwanja chote, mechi yote, hajagusa mupira hata mara moja. Hakabi mutu. Anasimama karibu na wenzake anaongea tu. Muvivu wa kwanza duniani, na kochi hamutoi!

Baada ya misa nikaitisha mukutano mbele ya duka. Nikasoma rapport. Kifaransa kwanza, ili watu waogope. Nikamaliza kwa kudai kwamba wa manjano afukuzwe kabla ya Destin kulaumiwa.

Mumbere akaniacha nimalize vizuri. Hata akanipigia makofi. Kisha akauliza, kwa heshima nyingi, kama prezida hajaona ile chupa mukononi.

Ni mutu wa kuleta maji.

Walicheka mupaka mama mumoja akapaliwa na mandazi. Néhémie aliandika yote katika procès-verbal. Nilimuomba afute. Akasema karatasi ya komite haifutwi.

Siku ya kwanza, tarehe 9 juni

Leo nimeamka na akili mupya.

Kosa langu ni hili: nikimutetea Destin, watu wanasema ni ujamaa. Basi kwanza lazima mutu mwingine amushambulie Destin kwa ukali wa ajabu. Halafu mimi namujibu huyo mutu kwa upole na busara. Watu watasema, huyu ndiye kiongozi.

Nani atashambulia? Nilifungua jina lingine kwenye Facebook. Vérité Tupu. Picha: simba. Nikaandika chini ya video ya mechi kwamba Destin anapiga mupira kama mutu mwenye funza katika kidole. Kisha mimi Anaclet nikajibu, kwa upole, kwamba tusiwavunje vijana moyo.

Sikiliza sasa. Upole wangu ulipata kidole gumba kimoja, na ni cha Néhémie, aliyekosea akakiondoa. Lakini Vérité Tupu! Watu wanacheka, wanamusifu, wanamuita muzee wa kweli. Katika maisha yangu yote hakuna neno langu lililopendwa hivyo.

Mutu ni mutu. Nikamuongezea maneno. Nikaandika kwamba si ajabu, baba yake Gustave vilevile alikosa penalti katika finali ya Kpandroma, akaupeleka mupira katika shamba la viazi. Ukoo wa kukosa.

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Alphonsine muke wangu akauliza ninatabasamu nini peke yangu. Nikasema ni habari za dini.

Siku ya tatu, tarehe 11 juni

Vérité Tupu anaendelea vizuri. Lakini Anaclet, hapana. Nilisikia sokoni wakisema prezida amelegea, afazali yule wa simba angegombea.

Kwa hiyo, mupango wa tatu. Watu wote wanaosema Destin alikosa hawajawahi kupiga ule mupira. Tuna mumoja hapa, Destin aliutuma kwa mukono wa padri mumoja. Nikasimika miti ine ya mikaratusi kwenye kiwanja, nikamuita Mumbere mbele ya kartie yote apige kutoka pale pale Destin alipopigia. Atakosa, atatukanwa, na jambo limekwisha.

Kwa usalama, asubuhi niliupunguzia mupira pumzi kidogo.

Mumbere alifika na viatu vya dukani na suruali ya kanisa. Akavuta pumzi. Akapiga vibaya kabisa! Mupira ukatoka kushoto, watu wakaanza kuzomea, nikainua mikono. Halafu, kwa sababu ya ile pumzi iliyokosekana, mupira ukalegea hewani, ukageuka, ukarudi, ukapita katikati ya poto kama mugeni anayejua mulango.

Wakamubeba. Walimuzungusha kiwanja mara mbili. Akiwa juu mabegani akanipungia mukono.

Wakasema basi prezida naye apige, tuone. Nikasema nina magoti. Wakasisitiza. Mupira wangu uligonga muti, na kiatu changu kilipita katikati. Néhémie alitangaza kwamba kiatu hakina pointi.

Siku ya ine, tarehe 12 juni

Shemeji Adeline amepiga simu kutoka Melbourne. Mama Destin. Sauti haikuwa yake.

Alisema mutoto hatoki chumbani tangu juzi. Hajaenda mazoezi, hakuli vizuri. Nikasema ni ile poto, itapita. Akasema si poto. Poto aliisahau siku ile ile, wenzake walimukumbatia wakaenda kula. Ni mutu mumoja wa Bunia, eti Vérité Tupu, ameandika juu ya marehemu baba yake.

Alisema Destin alikuwa mudogo sana walipokimbia. Hana picha ya Gustave, iliungua na nyumba. Alichokuwa nacho ni hadithi kwamba baba yake alikuwa muchezaji hodari, na kila mechi, kabla ya kuingia, anataja jina lake. Sasa anauliza kama hadithi ile nayo ilikuwa uongo.

Nilikaa chini. Gustave alikuwa hodari kweli. Alikosa mara moja tu. Tuliporudi nyumbani siku ile alinibeba mugongoni na muguu wangu mubovu, mimi niliyekuwa nimeumia kwa kuruka ua bila kulipa kiingilio.

Adeline akauliza: "Baba Anaclet, huyu mutu munamujua?"

Nikasema ndiyo. Nikasema ni Mumbere.

Kitu gani ningesema? Uchaguzi uko kesho kutwa.

Baada ya simu nilifuta maneno yote ya Vérité Tupu. Alphonsine alikuwa anachambua maharagi mulangoni. Bila kuinua macho akasema huyu Vérité anaandika "kabisa kabisa" mwisho wa kila sentensi, na kwamba yeye Alphonsine anajua mutu mumoja tu mwenye ugonjwa huo. Nikasema ni ugonjwa wa kawaida, kabisa kabisa.

Siku ya posho, tarehe 14 juni

Siku nyeusi.

Kumbe Adeline, mwanamuke asiye na subira, alimutafuta Mumbere kwenye simu siku ile ile ili amutukane. Na kumbe Mumbere hakujitetea hata kidogo! Alimuacha atukane mupaka achoke. Kisha akaomba kusema na mutoto. Walisema saa nzima. Ndugu mukubwa wa Mumbere aliwahi kufanya biashara ya viazi Kpandroma, akamuona Gustave akicheza, na Mumbere alimutafuta huyo ndugu, akamuweka kwenye simu. Ndugu alieleza magoli ya Gustave moja moja, hata lile la kichwa katika mvua. Na penalti pia alieleza. Alisema Gustave alipokosa, alienda mwenyewe kuuchukua mupira katika viazi, akaomba mwenye shamba samahani, akarudi akacheza.

Hayo yote nimeyajua leo, dukani, mbele ya watu, kutoka mudomo wa Néhémie. Mumbere mwenyewe alikuwa anaweka mafuta katika groupe, hakusema kitu. Ubaya wake ni huo! Hasemi kitu!

Mechi. Destin aliingia. Alitaja jina, tuliona midomo. Alifunga manne. Watoli wameshinda vizuri. Mwishoni akaja mbele ya kamera, jasho mutupu, akacheka, akasema kwa Kiswahili chetu: "Papa Mumbere, aksanti. Nasalimia batu ya Bunia bote."

Bote. Nami nimo katika bote. Mahali fulani katikati.

Uchaguzi ulichukua muda mufupi kuliko sala ya kufungua. Mikono yote kwa Mumbere. Mukono mumoja kwangu, wangu. Nilimutazama Alphonsine. Alikuwa amenyoosha mukono wake vizuri, kama mutoto wa shule anayejua jibu.

Mumbere alipendekeza niwe prezida wa heshima. Nilikataa kwa heshima. Wakaandika kwamba nimekubali.

Siku ya yenga, tarehe 15 juni

Destin amepiga simu. Kwangu, si kwa Mumbere. Moyo wangu uliruka. Nilifikiri anataka kunirudishia kiti.

Alisalimia vizuri. Akauliza magoti yangu, akauliza kama mvua iko. Kisha akauliza:

"Baba mudogo, mulikuwa wangapi kule Kpandroma siku ya penalti ya baba?"

Nikasema tulikuwa wengi.

"Na wale wako Bunia sasa?"

Nikasema wengine wamekufa, wengine wako kambini, wengine sijui.

"Siko na kasirani, Baba mudogo. Nataka tu kujua kama ni weye. Ukisema ndiyo, imeisha. Weye ndiye baba nimebakia naye."

Neno lilikuwa hapa, juu ya ulimi. Fupi kabisa. Rezo ya simu ilikuwa safi, hakuna hata mukwaruzo wa kunisaidia. Nilifungua mudomo.

Nikasema ni Alphonsine.

Nikaeleza kwamba alikuwepo siku ya penalti, kwamba ana wivu, kwamba wanawake wa umri wake wanaingia katika Facebook bila muongozo. Nilieleza vizuri. Nilikuwa bado naeleza wakati simu ilipotoka mukononi mwangu. Alphonsine alikuwa nyuma yangu tangu mwanzo, na ungo wake.

Akasema katika simu: "Mutoto yangu, ni yeye. Umusamehe. Hana kazi ingine."

Wakacheka pamoja. Yeye na mutoto! Halafu walisema muda murefu, juu ya Gustave, juu ya mashamba, na nikasikia Alphonsine analia kidogo na kucheka tena. Destin akanisalimia. Yaani alimuambia Alphonsine anisalimie. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile kile.

Alphonsine ameenda sasa kwa Mama Denise. Chakula changu kimefunikwa kwa sahani. Wamenisamehe wote wawili bila kuniuliza kama nimekubali kosa! Ni dharau kubwa. Mutu anasamehewa kama deni ya chumvi.

Sitakaa chini ya Mumbere. Nimetazama ratiba. Posho ijayo Watoli wanacheza na timu ya kwanza katika orodha, watu wakubwa, wekundu, hawajashindwa mwaka huu. Na katika Bunia hawana komite! Hakuna hata shabiki mumoja. Saa tisa alasiri nimeianzisha. Prezida: mimi, kwa kauli moja.

Nimekwisha kuwaandikia kwenye ukurasa wao, kwa jina langu kamili, niwe mukweli. Nimewaambia wamusukume namba kumi na tisa wa Watoli, ndiye Destin, upande wa kushoto, maana muguu ule hana. Waniamini. Ni mimi niliyemufundisha kupiga.