Tundu la Pili

"Nilifungua mlango tu," alisema Kosara. "Nilikuwa naingia chumbani kwangu."

"Kila mhalifu ana mahali alipokuwa anaingia," alijibu Profesa Budimir Lazendić, na akaandika jibu lake mwenyewe, kwa sababu lilimpendeza.

Ubishi ulianza kabla kahawa haijaletwa, na sasa vikombe vilikuwa vimebaki na mashapo. Profesa alikuwa Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Mienendo na Mitazamo ya Afya ya Wanafunzi, na hakuwa mtu wa kuharakisha haki. Kushoto kwake aliketi Daktari Ljubinka wa zahanati ya bweni, akivuta sigara. Kulia aliketi Bwana Gvozden, msimamizi wa bweni, akila burek, ule mkate wa nyama unaochuruzika mafuta, kwenye karatasi yake. Mbele yao alisimama Kosara, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa famasia, ambaye kitanda chake cha bwenini ndicho kilichokuwa kinashtakiwa. Akikikosa, atarudi nyumbani, maana kodi za vyumba mjini zilikuwa za watu wenye mjomba Ujerumani.

Kamati haikuwa ya mchezo. Mwanzoni mwa vuli ilibandika tangazo kila ghorofa kwamba, kwa kauli moja, wanafunzi wa bweni hilo hawataugua tena. Uamuzi huo ulitanguliwa na utafiti mzito. Iligundulika kwamba wanafunzi asubuhi wanakula burek, mchana wanakula burek, na usiku wanakula ile iliyobaki. Iligundulika wanavuta sigara mpaka kuta zimebadilika rangi, wanakunywa kahawa badala ya kulala, na zahanati wanaijua kwa jina tu, isipokuwa siku ya mtihani, ambapo wote huumwa tumbo. Kamati ilipima mambo hayo yote kwa makini, ikayaita utamaduni, ikayaweka pembeni.

Ikabaki promaja: ule upepo unaoingia upande huu na kutokea upande ule, na katikati yake akakaa mtu. Kila mwanafunzi aliyeugua mafua alikuwa amempigia mama yake simu, na kila mama, kutoka kila pembe ya Serbia, alisema ni promaja. Hakupatikana mama hata mmoja mwenye maoni tofauti. Sayansi haijapata kukubaliana namna hiyo tangu ianze. Walikuwepo wanafunzi wachache waliojibu kwamba promaja hawaiogopi. Kamati iliwapima, ikawakuta wazima, ikawaandika "bado hawajaugua".

Hapo Profesa alitunga ibara yake ya fahari. Tundu moja ni hewa. Matundu mawili ni silaha. Kwa hiyo mwenye kosa ni yule anayefungua tundu la pili, na adhabu yake ni kutoka bwenini siku hiyo hiyo, awe nani awe nani. Maneno ya mwisho aliyaongeza mwenyewe, na aliyasoma kwa sauti mara nyingi, hata alipokuwa peke yake.

Kesi ya Kosara ilikuwa wazi. Nevenka, mwenzake wa chumba, alifungua dirisha kwa sababu kipasha joto kilikuwa kinachemka na hakina pa kuzimia. Hilo lilikuwa tundu la kwanza, halali kabisa. Nevenka akalala. Kosara akarudi kutoka maktaba, akafungua mlango. Asubuhi shingo ya Nevenka haikugeuka.

"Imeshapona," alisema Nevenka kutoka kwenye benchi la mashahidi, akaigeuza huku na huku. "Tena mimi simshtaki. Ni shoga yangu."

"Shingo ni kielelezo cha Kamati," alisema Profesa. "Haina mamlaka ya kupona kabla ya hukumu."

Aliona Kamati imeduwaa kwa hekima hiyo, akajinyoosha kitini. Nyuma yake, likifichwa na pazia zito, dirisha lilikuwa wazi kiasi cha kiganja. Alikuwa amelifungua yeye kabla ya kikao, kwa sababu kifua chake hakikupatana na moshi wa Daktari Ljubinka, wala na moshi wake mwenyewe. Hakuona haja ya kulitangaza. Lilikuwa tundu moja.

Ndipo aliposimama Mama Rajka, mama yake Kosara. Alikuwa amekuja na basi la alfajiri, na miguuni pake palikuwa na mfuko wa chupa za ajvar, ile achari ya pilipili hoho za kuchoma, ambazo mpaka sasa hakuwa ameamua kama ni za binti yake au za Kamati.

"Profesa wangu," alisema, "kwamba promaja inaua, mimi sibishani nawe. Shangazi yangu ilimpinda mdomo kwenye basi, na mpaka leo akicheka anachekea upande. Huyu nimemwambia tangu yuko tumboni: mwanangu, jihadhari na promaja. Lakini mtoto anafukuzwa bwenini kwa kupita mlangoni? Wewe baba, kwako unaingilia wapi? Kwenye dohani?"

Bwana Gvozden alicheka, kisha akakumbuka cheo chake akakohoa.

Profesa alieleza kwa upole kwamba mwananchi mwenye ufahamu, kabla ya kuingia mahali, huuliza kwanza hali ya madirisha. Mama Rajka aliuliza kama na yeye huwa anauliza. Profesa alisema mtunga sheria huwa na mwamko wa ndani. Mama Rajka alisema kwao huo unaitwa ujuba, na akaketi, na akausogeza mfuko wa ajvar karibu na Kosara. Kamati iliuona mfuko ukiondoka, na Bwana Gvozden akahuzunika waziwazi.

"Basi," alisema Profesa, "Kamati imeamua. Kosara atatoka leo."

"Sitoki," alisema Kosara.

"Hatoki," alisema mama yake.

Profesa aliinuka. Hakuwahi kumsukuma mtu maishani. Alikuwa na njia yenye heshima zaidi. Alikatiza chumba kwa hatua pana, akashika kitasa, akaufungua mlango wote mpaka ukutani. "Mlango ni huu," alisema.

Pazia liliruka kama bendera ya sikukuu. Karatasi ya burek ilipaa ikamfunika Daktari Ljubinka usoni. Majivu ya sigara yaliruka yakatua ndani ya kahawa. Kamati nzima ilishika figo zake kwa mikono miwili, maana promaja huanzia kwenye figo, na Bwana Gvozden akaingia chini ya meza. Kisha mlango ukajibamiza wenyewe.

Wa kwanza kujongea alikuwa Mama Rajka. Alivua shali yake akamviringishia Profesa shingoni, maana huruma ni huruma. "Maskini," alisema. "Imekupiga mgongoni kabisa."

"Samahani," alisema Kosara. "Nani amefungua tundu la pili?"

Wote walimtazama Profesa. Daktari Ljubinka alijiondolea karatasi usoni, akalisogeza pazia. "Na hili la kwanza?" aliuliza.

Profesa alisema kwamba hali hii inahitaji kamati ndogo. Alisema Mwenyekiti hafungui mlango, bali hufunguliwa. Alikuwa bado anaendelea aliposikia sauti ya Bwana Gvozden kutoka chini ya meza, ikikariri kwa moyo: "Awe nani awe nani."

Daktari Ljubinka aliitisha kura. Mkono mmoja juu, mwingine kwenye figo. Kwa mazoea Profesa alitazama mikono, akaona yote imeinuliwa, naye akainua wake, kwa sababu hakuwa amewahi kushindwa kura.

Walimtoa papo hapo. Bwana Gvozden alimteremsha ngazi kwa mkono, akampa kofia yake, akafunga mlango wa nje. Kule juu Mama Rajka aliigawia Kamati ajvar.

Profesa alikuwa uani, shali shingoni, alipokumbuka kwamba hati ya kumfukuza Kosara bado haijatiwa sahihi, na mwenye sahihi ni yeye. Aligonga mlango.

"Gvozden, fungua kidogo. Nitie sahihi tu."

Bwana Gvozden alitazama juu ya ngazi, kule ambako dirisha la Kamati bado lilikuwa wazi, akaliweka komeo vizuri.

"Siwezi, Profesa," alisema kupitia tundu la ufunguo. "Nikifungua, wa pili ni mimi."