Musalaba wa Craie ku Mulango Yangu

Siku ya ine, 6 juin

Asubui nimekuta musalaba ku mulango! Craie nyeupe, chaki ya masomo, na chini namba: 7. Nikarudi ndani mbio, nikafunga mulango. Miye, Lambert, mwenye niliangaliana na chui macho kwa macho huko Djugu, chui ikaniomba musamaha!

Kaye, weye daftari yangu, hii ni siri yetu: habari ya musalaba ni miye niliitunga. Miaka mbili nyuma, bunduki za vita zimenyamaza kidogo, nikatia video ku telefone: nyumba yenye iko na alama ya craie, wauaji watarudi pale. Avenyu muzima, mutaa yetu yote, ikabeba magodoro, ikakimbilia ku parokia. Kumbe alama ni ya watu wa chanjo, walipita. Nikapiga magoti mbele ya shefu wa avenyu, muzee Anselme, nikaapa: uongo basi. Akasema nikianza tena, telefone inaenda kwake. Tangu pale nafanya video za kweli tu. Namna ya kupika sombe, yale majani ya muhogo. Watu kumi na moja wanaangalia. Moja ni miye.

Kwa hiyo najua ni uongo. Lakini kama wauaji waliangalia video yangu, wakasema muzee huyu iko na akili, tufanye vile?

Siku ya tano, 7 juin

Saba ni nini? Siku saba! Imebaki sita. Nikiuliza watu, watanipeleka kwa shefu. Siulizi mutu. Pikipiki moja ikapiga kishindo inje, paaa! Nikajikuta chini ya kitanda. Bibi yangu wa ndoa, Pétronille, akauliza natafuta nini. Nikasema viatu. Akasema viatu iko mu miguu yangu.

Siku ya posho, 8 juin

Avenyu yote iko na misalaba na namba. Ni mulango ya Gustave tu haina! Huyu jirani anakaa peke yake na mbuzi, anazichezesha mu video, watu elfu tatu wanacheka. Juma yote alikuwa safari huko Kilo, amerudi leo. Haina musalaba: basi anajuana nao! Alichungulia ku dirisha, akaona nimeegemeza kabati ku mulango. Akasema: Papa Lambert, weye ni kuku, unalalia mayai? Nikamujibu kabati inaota jua.

Siku ya yenga, 9 juin

Wote wameenda misa. Nikasema tumbo inaniuma. Nikafuta musalaba yangu na maji ya sabuni. Craie sina. Nikakamata kipande ya muhogo mukavu, nikachora ku mulango ya Gustave: musalaba, 7. Waanze na yeye! Mbuzi zake ziliniangalia kama mapolisi. Kazi safi! Kisha nikaogopa zaidi: Mungu alienda misa nao, ao alibaki hapa na miye?

Siku ya kwanza, 10 juin

Wamekuja! Sauti za watu wengi, hodi ku kila mulango. Miye chini ya kitanda, rozari ya Pétronille mu meno.

Walikuwa watu wa moustiquaire. Chandarua ya kuzuia mbu! Saba ni watu wa nyumba yetu: miye, bibi, wajukuu watano. Pétronille aliwahesabia watu siku ya tatu, 5 juin, wakati miye niko sokoni na video ya sombe. Akasema kama ningeuliza angeniambia. Mulango yetu safi, bila namba: walipita tu, hawakutupa kitu. Gustave na mbuzi zake, kwa ile saba yangu: moustiquaire ine, moja kwa watu wawili! Pétronille akalia. Wajukuu wawili wametoka ku malaria juzi.

Shefu Anselme akafika. Akakwangua ile musalaba ya Gustave na kidole, akatia mu ulimi. Muhogo, akasema. Kisha akaniangalia. Unga ilikuwa bado ku mukono ya shati yangu.

Telefone imeenda.

Siku ya tatu, 12 juin

Jana Gustave alileta moustiquaire zote ine, anacheka mpaka machozi. Eti mbuzi zake zilionja, zikatema. Pétronille akamupa kuku. Wajukuu wamelala vizuri.

Lakini Kaye, fikiri kidogo. Adui anakupa kitu bure? Na yale matundu ya moustiquaire: kadogo kadogo, mingi, yote sawasawa. Nani aliyapima vile, na juu ya sababu gani? Nimelala inje ya moustiquaire. Mbu wamenila mpaka masikio. Lazima watu wajue!

Naenda kwa Gustave, aniazime telefone.