Ndama Saba wa Bi Augusta

Jumatatu, 3 Mei 1886

Bado nipo Wyoming. Nilisema nitakaa siku tatu tu, farasi anywe maji. Sasa imetimia miezi saba. Kosa ni la mikate ya Bi Augusta, si langu.

Leo kanipa kazi nzito. Ana ndama saba ambao hawajapigwa chapa ya moto, na Jumamosi ndio mkusanyo: ng'ombe wa bonde zima wataswagwa uwanja mmoja, kila mtu atenge wake. Ndama asiye na chapa, akipotezana na mama yake, huchukuliwa na matajiri. Matajiri maana yake ranchi yenye chapa ya Kengele, ng'ombe elfu nne, na mnyapara wao Yarnell, mtu wa masharubu na kicheko. Bi Augusta ana ng'ombe kumi na mmoja na chapa ya Kikombe, aliyoichora marehemu mumewe. Kasema wazi: ndama hawa wakipotea, anauza kila kitu na kurudi Ohio kwa kaka yake.

Na mimi nirudi wapi? Mimi sina kwa kurudi. Tandiko langu nalitundika nje kwenye ua, kama mpita njia yeyote. Bandani kuna kigingi kitupu cha kutundikia tandiko, cha marehemu mumewe. Hajanikaribisha, nami sijauliza. Lakini kila asubuhi nakitazama.

Jumanne, 4 Mei

Nimewapiga chapa wote saba kabla ya chakula cha mchana! Peke yangu! Wajinga humlaza ndama wakasimama upande wa miguu, wakala mateke. Mimi nimesimama upande wa mgongo. Sikupigwa hata teke moja. Akili ni mali.

Bi Augusta kanipa mikate sita. Nimekula tisa.

Jumatano, 5 Mei

Balaa. Yarnell kapita na farasi wake, kawatazama ndama, kacheka mpaka kofia ikaanguka. Akamwambia Bi Augusta, asante sana mama, umetupigia chapa ndama wetu bila hata kuombwa.

Nikakimbia kuangalia. Kikombe ukikipindua mdomo chini, ni kengele. Wote saba, mdomo chini. Kumbe ukisimama upande wa mgongo, chapa inaingia miguu juu. Mbona hakuna aliyeniambia?

Bi Augusta hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kaingia ndani, katoa sanduku la safari, akaanza kulifuta vumbi.

Alhamisi, 6 Mei

Mpango wa kwanza: kumpiga chapa Yarnell mwenyewe. Nimeuacha, ana nguvu.

Mpango wa pili ni safi. Nitawaficha ndama korongoni mpaka mkusanyo upite. Kisichoonekana hakidaiwi! Bi Augusta sijamwambia. Atanishukuru baadaye. Farasi wangu, Askofu, nimemweleza yote. Kanitazama kwa huruma.

Ijumaa, 7 Mei

Naandika nikiwa korongoni. Nimewaleta alfajiri. Ndama hawana siri. Wanawalilia mama zao tangu jua lilipochomoza, na kule bondeni mama zao wanaitikia. Nimeimba nyimbo zote za kanisani ninazozijua ili nizifunike sauti zao. Ninazijua mbili.

Wana njaa. Na mimi pia. Mikate nimeisahau mezani.

Jumamosi, 8 Mei

Yarnell kanikuta asubuhi, na watu wawili. Anasema hakufuata vilio vya ndama, alifuata uimbaji. Mtu mmoja, korongoni, na ndama saba wenye Kengele ubavuni. Huku jina lake ni wizi wa ng'ombe, na dawa yake ni kitanzi. Akaniambia nichague tawi. Nikamwambia miti ya huku mifupi. Akasema haina neno, we Lem utakunja miguu.

Niliogopa. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Niliogopa sana, nikawa nakiwaza kile kigingi.

Wakanifunga mikono, wakanipeleka mimi na ndama uwanjani kwa Mzee Tolliver, mkuu wa mkusanyo. Yeye akishasema, imekwisha. Yarnell akadai mambo ni wazi: chapa inajisomea yenyewe. Mzee akamgeukia Bi Augusta, akamuuliza ana nini cha kujibu.

"Usinisikilize mimi, mzee," akasema. "Na tafadhali, huyu Lem usimsikilize kabisa. Waachieni hao ndama."

Wakaachiwa. Tangu jana alfajiri hawajanyonya! Walipita katikati ya maelfu ya ng'ombe bila kuuliza njia. Wote saba wakaenda moja kwa moja kwa ng'ombe wa Kikombe, kila mmoja kwa mama yake, wakanyonya mpaka povu likawatoka. Mzee Tolliver akasema hata mtoto anajua kwamba ndama hufuata mama, na kwamba chuma cha chapa hakina maziwa. Ni wa Bi Augusta. Wapigwe chapa upya, ubavu wa pili.

Yarnell hakucheka. Bi Augusta alizikata kamba zangu kwa kisu cha mkate. Akasema leo, kwa mara ya kwanza, upumbavu wangu umefanya kazi. Naona ananisifu.

Jumapili, 9 Mei

Asubuhi tandiko halipo uani. Nikajua ni Yarnell. Nikamtukana nusu saa nzima. Kumbe lipo bandani, kwenye kigingi.

Nikamuuliza Bi Augusta nani kalihamisha. Kasema mvua inakuja, tandiko zuri lisije likaharibika. Mbingu nyeupe, hakuna wingu hata la dawa. Sanduku limerudi chini ya kitanda.

Nimelia kidogo. Vumbi.

Jumatatu, 10 Mei

Ndama wamepigwa chapa upya. Bi Augusta alitaka kunisimamia, nikamkatalia. Mtu mwenye kigingi chake hasimamiwi! Makosa yamenifunza. Safari hii nimesimama upande wa miguu, nimekula mateke kumi na moja, nikavumilia. Na ili niwe na uhakika kabisa, chuma nacho nimekigeuza juu chini.

Yarnell yuko kule kilimani juu ya farasi wake. Anacheka tena. Wivu tu.