Madumu ya Petroli Uvunguni

Alhamisi, Julai 23

Redio imesema meli za mafuta zimekwama huko Uarabuni. Pipa limepanda bei dunia nzima. Nikawaeleza watu barazani kwamba dunia haiendeshwi na korosho, inaendeshwa na petroli. Hata salfa wanayopulizia mikorosho, nyingi inapatikana wakisafisha mafuta hayohayo. Jirani yangu Rajabu akauliza kama hao matajiri wa mafuta ni wajomba zangu. Watu wakacheka. Wajinga! Msimbati nzima kichwa ni hiki changu tu.

Mpango: nanunua petroli sasa. Bei mpya inatangazwa Jumatano ya kwanza ya Agosti. Msimu huu kila mkulima anataka petroli ya mashine ya salfa. Watanipigia magoti.

Ijumaa, Julai 24

Akiba yote imekwenda sheli. Madumu yamejaa uvunguni. Mke wangu Subira kasema hawashi moto humu, nyumba imegeuka bomu. Anapika kwa Rajabu! Kasema pia mikorosho yake, urithi wa bibi yake, imeanza maua, niipulizie salfa leo kwa mashine yetu. Nimwage petroli ya biashara? Nikamwambia asubiri bei ipande. Kajibu kwamba ukungu wa ubwiriunga hausikilizi redio. Mdomo huo!

Jumapili, Julai 26

Rajabu kaja. Ati nimpe dumu moja, atapuliza shamba lake na la Subira, bure. Bure! Janja ya nyani. Nimemfukuza. Kaenda Mtwara mjini, karudi na petroli yake mwenyewe. Mashine yake imenguruma hadi jioni. Kelele za mtu asiyejua uchumi.

Alhamisi, Julai 30

Subira kaleta tawi. Maua yote meupe, utadhani yamepakwa unga. Ndio huo ubwiriunga. Kaangua kilio. Nami roho iliniuma, maana korosho hizo ndizo chakula chetu na sare za watoto. Lakini mfanyabiashara habadiliki kwa machozi. Jumatano imekaribia.

Jumatano, Agosti 5

Bei imeshuka! Imeshuka! Meli zimeachiwa. Lo, Waarabu hawana msimamo.

Nikampelekea Rajabu petroli kwa hasara. Kasema ahsante, kaka, nimeshamaliza kupuliza. Shambani kwake maua yanapendeza, nyuki wamejaa. Kwetu yamekauka, ukigusa yanapukutika. Subira kakunja kanga zake, kawachukua watoto, kaenda Kilambo kwa dada yake. Kasema nilale na madumu yangu.

Alhamisi, Agosti 6

Redio ya asubuhi: wenye visima vikubwa duniani watapunguza mafuta. Bei lazima ipande! Na kijiji kizima kimelala usingizi wa pono.

Nimeuza mashine yetu ya salfa, nimeongeza madumu. Kainunua Rajabu, wala hakubishana bei. Bwege yule! Sasa ana mashine mbili na hana tone la petroli. Atakuja tu.